Kusikia, Kusikiliza na Kusikilizana

Lugha yetu imetujalia maneno matatu yaliyozaliwa katika shina moja, ambayo tunayatumia kila siku bila kuyatafakari. Neno la kwanza ni kusikia. Kusikia ni jambo linalompata mtu hata asipolitaka, kwani sikio halina kope na haliwezi kufumbwa kama jicho. La pili ni kusikiliza, yaani kulielekeza sikio kwa makusudi na kuipa sauti ya mwingine nafasi ndani ya nafsi zetu. La tatu ni kusikilizana, ambalo maana yake imevuka mpaka wa sauti: watu wanaosikilizana ni watu wanaoelewana na kuchukuliana, hata kama hawakubaliani katika kila jambo. Katika insha hii tunakusudia kuuliza swali moja. Mtu anapotoa kauli juu ya muziki alioupata kwa sikio lake, ana wajibu gani kwa muziki ule, kwa watu waliouumba, na kwa wenzake wanaomsikiliza yeye?

Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona swali hili kuwa dogo. Watasema kwamba muziki ni burudani, na burudani haina mahakama. Anayependa acheze, asiyependa aende zake. Hata sisi tulikuwa na fikra hizo, mpaka lilipotokea jambo lililotulazimisha kufikiri upya.

Sisi ni watu wachache, baadhi wafanyakazi, baadhi wanafunzi na baadhi wastaafu, tuliojiwekea desturi ya kukutana jioni ya Jumamosi na kusikiliza albamu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kila mmoja wetu akaeleza jinsi alivyoiona. Kila mara mwenzetu mmoja huleta albamu aipendayo, na hakuna sharti juu ya aina ya muziki wala nchi ulikotoka. Kwa hiyo katika muda si mrefu tumepitia taarabu ya Unguja na muziki wa jazi wa Marekani, nyimbo za Misri na za Nigeria, ngoma za Wagogo na muziki wa kizazi kipya wa Dar es Salaam.

Jumamosi moja mzee mmoja mstaafu, mwenyeji wa Dodoma, alileta albamu iitwayo Chibite, ya marehemu Hukwe Zawose, iliyotolewa mwaka 1996. Nyimbo hazijafika nusu, kijana mmoja akacheka, akasema: "Mzee wangu, samahani, lakini haya si mambo ya kule kijijini? Mimi nangoja muziki uanze." Mzee hakujibu neno. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kijana yule, naye akaleta Machozi, Jasho na Damu, albamu ya Professor Jay ya mwaka 2001. Baada ya nyimbo mbili mzee akainuka, akasema: "Mwanangu, hizi ni kelele za wahuni. Chai ikiwa tayari niiteni." Akatoka nje akakaa barazani. Jioni ile haikuwa na mazungumzo mengine.

Ni dhahiri kwamba wote wawili walikosana kwa kosa la namna moja. Lakini kosa lenyewe ni lipi? Je, mtu hana haki ya kutopenda?

Wahenga wamesema kuwa kipendacho roho hula nyama mbichi. Methali hii hutajwa sana panapozuka ubishi wa namna hii, na wengi hudhani kuwa imeumaliza. Lakini tukiichunguza kwa makini tutaona kwamba inazungumza juu ya kupenda tu. Haisemi kitu juu ya kuhukumu. Anayesema "siupendi muziki huu" anatoa habari ya nafsi yake, na hapana mtu awezaye kumkanusha, maana yeye ndiye mwenye roho. Lakini anayesema "huu si muziki", au "hizi ni kelele", ametoka katika nafsi yake na kuingia barazani kuhukumu. Kila hukumu ina mshitakiwa, na kila mshitakiwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kauli ya mwisho. Hakimu anayefunga faili kabla shahidi hajamaliza kusema, hata akibahatika kutoa uamuzi ulio sahihi, amekwisha kudhulumu. Kijana wetu na mzee wetu hawakukosea kwa kutopenda. Walikosea kwa kuivisha hisia ya nafsi zao joho la hukumu.

Sisi watu wa nchi hizi tunayo sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Wakati wa ukoloni ngoma zetu zilihukumiwa na watu ambao hawakupata kuzisikiliza. Waliusikia mdundo toka mbali, wakauita kelele. Wakawaona watu wakicheza, wakauita ushenzi. Na katika sehemu nyingi wamisheni waliwakataza waumini wao kushiriki. Dhara lililofuata lilizidi hata lile la kukatazwa, kwani watoto wetu wenyewe walijifunza kuzisikia ngoma za baba zao kwa masikio ya wageni. Mwalimu Julius Nyerere alilieleza jambo hili mwezi Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wako waliojivunia kucheza dansi za Kizungu na rumba huku hawajapata hata kusikia habari za gombe sugu, kiduo au lele mama. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya maneno yale na kuisahau nusu ya pili. Sisi tunaona kuwa nusu hizo mbili ni fundisho moja: sikio lililokombolewa ni lile linaloweza kujisikiliza lenyewe bila haya, na kuwasikiliza wengine bila dharau.

Wala dharau hii haikutoka kwa wageni peke yao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watu maskini, naye aliuza vyungu kabla hajawa mwimbaji. Wako watu wa mjini waliombeza kwa ushamba wake na unyonge wa asili yake. Kama masikio ya wakati ule yangeifuata hukumu ya macho, sauti yake ingepotea. Lakini wako waliomsikiliza, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Taarabu, ambayo hapo kabla ilizoeleka kuimbwa kwa Kiarabu, ikasikika kwa Kiswahili kila mahali palipokuwa na gramafoni. Tulipozisikiliza rekodi zake hivi karibuni, jambo la kwanza tulilosikia ni mkwaruzo wa santuri kuukuu. Ilitubidi kurudia mara kadhaa kabla masikio hayajajifunza kuuweka mkwaruzo kando na kuifuata sauti. Tena tulikumbushana kwamba upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu hivi tu, ambapo utumbuizo wa barazani haukufungwa na saa. Kumbe hata tulichokiita "wimbo wa Siti" kilikuwa ni kipande kilichokatwa kwa kipimo cha chombo.

Basi tuseme nini juu ya njia iliyo bora ya kusikiliza? Tunaona kwamba desturi yetu ya kumpokea mgeni inatosha kutuongoza. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza mgeni hupokewa mzigo na kukaribishwa. Haulizwi amekuja kufanya nini. Siku ya pili huulizwa habari za kwao. Siku ya tatu hupewa jembe, na hapo ndipo uhodari au uvivu wake hupimwa, kwa kazi aifanyayo. Albamu ngeni nayo ina haki ya kupokewa hivyo. Tuisikilize mara ya kwanza bila kuidai kitu. Tuisikilize mara ya pili tukiuliza ilikotoka na kazi iliyoumbiwa. Mara ya tatu tuipime, lakini tuipime kwa kazi ile, wala si kwa kazi ya jirani yake. Si haki kumlaumu mvuvi kwa kuwa hakuleta mahindi.

Tuchukue mfano wa ile albamu ya Zawose iliyochekwa. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, naye alipiga zeze na ile marimba ya Kigogo iitwayo ilimba. Ulimi wa chuma unapoguswa katika ilimba, sauti yake haitoki peke yake, bali huandamana na mvumo kama wa nyuki. Aliyefundishwa na vyombo vya kisasa kwamba sauti njema ni ile iliyo safi kama maji ya mtungi atadhani kuwa chombo kimelegea. Lakini mvumo ule umetengenezwa kwa makusudi, na fundi anayeuondoa ameharibu kazi. Ndivyo ilivyo kwa mwimbaji pia, anapoishusha sauti mpaka ikanguruma kifuani na kuipandisha mpaka ikawa nyembamba kama filimbi. Kijana wetu alingoja muziki uanze kwa sababu alikuwa anangoja ngoma ya aina aliyoizoea. Muziki ulikwisha kuanza, na yeye alikuwa bado mlangoni.

Sisi wengine tulikuwa na kosa letu. Mwenzetu mmoja alileta Kind of Blue, albamu ya Mmarekani Mweusi Miles Davis, iliyorekodiwa kwa siku mbili tu za mwaka 1959 katika jiji la New York. Tuliisikiliza mara ya kwanza tukalalamika kwamba hakuna maneno, na muziki usio na maneno utasema nini? Mara ya pili tukaelezwa kuwa wapigaji walipewa mwongozo mfupi tu, mengine wakayatunga pale pale. Mara ya tatu mama mmoja katika kundi letu akatunyamazisha, akasema: "Hebu sikilizeni mwanzo. Gitaa lile kubwa la besi linasema, na wengine wanaitikia." Ilikuwa kweli. Katika wimbo wa kwanza besi ndiyo inayotoa kauli, na tarumbeta na saksafoni zinaitika kwa pamoja, kama mwimbishaji na waitikiaji wake katika ngoma zetu. Tangu hapo tuliacha kudai maneno.

Hata hivyo inafaa tujihadhari. Kufanana si kuwa kitu kimoja, na anayesikiliza ili atafute tu kinachofanana na cha kwao hatajifunza kitu. Tulilitambua hili tuliposikiliza nyimbo za Bach kwa fidla ile kubwa inayoitwa selo, zilizopigwa na Pablo Casals na kurekodiwa kati ya mwaka 1936 na 1939. Humo hamna ngoma, hamna mwitikiaji, hamna mwenza. Ni mtu mmoja na chombo kimoja. Sehemu nyingi za nyimbo hizo zina majina ya dansi za kale za Ulaya, lakini hakuna anayetazamiwa kuzicheza. Ni ngoma zilizokalishwa kitini. Sisi, ambao kwetu neno ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni shughuli yenyewe inayowakusanya watu, tuliona ugeni mkubwa katika muziki ulioutenga mwili namna hiyo. Lakini ugeni ule ukatufumbua macho juu ya mambo yetu wenyewe. Kwani tunapoichukua ngoma ya unyago au ya mavuno na kuitia katika kanda, si tumeikalisha kitini vile vile? Kanda imechukua sauti, imeacha miguu, vumbi na sababu ya watu kukusanyika. Kwa hiyo anayeisikiliza ana wajibu wa kukumbuka kwamba anasikia theluthi moja tu ya jambo.

Mfano wa Misri una fundisho lake pia. Inta Omri, wimbo ulioimbwa na Umm Kulthum mwaka 1964, unakaribia saa nzima. Vijana wetu walichoka kwa sababu mstari mmoja unarudiwa mara nyingi. Wazee wakawaambia wasihesabu maneno, bali wafuatilie jinsi kila marudio yanavyobadili pambo la sauti, na jinsi hadhira inavyopaza sauti zake pale pambo jipya linapotua. Hadhira nayo ni sehemu ya utumbuizo. Mmoja akauliza kwa nini tuusikilize muziki wa Waarabu katika kundi linalojali utamaduni wa taifa. Jibu ni kwamba jina lenyewe la taarabu limetoka huko. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki. Na mwaka 1905 kikaundwa Zanzibar kikundi cha Ikhwan Safaa. Kilichoazimwa kikapandwa katika udongo wetu, kikanyweshewa Kiswahili, kikazaa matunda ambayo Misri haina. Utamaduni unaojifungia ndani hukosa mbegu, na unaopokea kila kitu bila kupepeta hula makapi.

Katika kupepeta huko ndiko tunakokutana na swali gumu zaidi. Je, wajibu wa kusikiliza unatunyima haki ya kukataa? La, hasha. Tulisikiliza Zombie, albamu ya Fela Kuti wa Nigeria ya mwaka 1976, inayowakejeli askari wanaotii amri bila kufikiri. Mwezi Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake na kuichoma moto. Mama yake mzazi alirushwa kutoka dirishani, naye alifariki mwaka 1978. Aliyekwisha kuyajua haya hawezi tena kuusikia muziki ule kama mdundo wa kuchezea tu. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1972, alitoa wimbo uitwao Lady, unaowabeza wanawake wanaodai usawa na waume zao. Akina mama wa kundi letu waliusikiliza mpaka mwisho, wakaukubali ufundi wa ala, na wakaukataa ujumbe kwa hoja. Hukumu yao ilikuwa kali, lakini ilikuwa ya haki, kwa sababu ilitanguliwa na usikivu. Kusikiliza hakukuidhoofisha hukumu yao. Ndiko kulikoipa nguvu.

Pengine msomaji atatupinga kwa kusema kwamba maisha ni mafupi na muziki ni mwingi. Siku hizi simu moja ya mkononi inaweza kumletea mtu nyimbo nyingi kuliko alizosikia babu yake katika umri wake wote. Nani awezaye kuupa kila wimbo siku tatu za ugeni? Hoja hii ni ya kweli, na sisi hatudai lisilowezekana. Tunachodai ni unyoofu. Ambaye hakupata nafasi ya kusikiliza anayo kauli nzuri ya kusema, nayo ni hii: "Sijausikiliza." Kauli hii haina aibu yoyote. Aibu ni kusikia kwa dakika moja na kuhukumu kwa miaka kumi.

Sasa tuwarudie wenzetu wawili. Majuma kadhaa yalipita, na kwa ushauri wa yule mama aliyetufundisha kusikiliza besi, kila mmoja alikubali kuichukua albamu ya mwenziwe nyumbani. Mzee aliporudi alisema: "Mwanangu, bado siupendi. Masikio yangu yamezeeka. Lakini ule wimbo wa Ndio Mzee nimeurudia. Mgombea anaahidi, umati unaitikia, na uongo unazidi kukua mpaka unajianika wenyewe. Majibizano hayo nayajua. Sisi tuliyafanya shuleni kwa ngonjera." Akatukumbusha kwamba ngonjera zilianzishwa na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma kama Zawose. Kijana naye akasema: "Mzee wangu, mimi nilijaribu kuuhesabu mdundo wa Zawose nikashindwa. Nilicheka kitu nisichokiweza. Kucheza bado sichezi, lakini sitacheka tena."

Hawakukubaliana. Mzee hakuhamia kwenye muziki wa kizazi kipya, wala kijana hakununua zeze. Lakini jioni ile walikaa benchi moja, na mazungumzo yakaendelea hata baada ya chai kupoa. Hilo ndilo tunaloliita kusikilizana.

Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, na kila moja lina ngoma zake. Tena tunazo kanda zilizorekodiwa na Redio Tanzania tangu miaka ya 1960, ambamo sauti za bendi zetu na za vikundi vya vijijini zimehifadhiwa. Hazina hiyo haitalindwa na makabati peke yake. Kanda isiyosikilizwa ni kama kaburi lisilozuriwa: jina lipo, lakini ukoo umesahau. Italindwa na watu waliojizoeza kuupokea muziki wa jirani kama wanavyompokea jirani mwenyewe, kuuliza habari zake kabla ya kumpima, na kumkosoa kwa hoja pale anapostahili kukosolewa. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa wala vyombo vya thamani. Inaanza kwa kuketi, kunyamaza, na kuuacha wimbo ufike mwisho.